Nani atalipa? Tofauti ya kirai na kishazi katika Kiingereza

TANGU Baraza la Mawaziri lilipoamua, Oktoba 2008, kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika shule za Rwanda, kazi ya mwalimu wa somo hilo hapa Kigali haiishi watoto wanapokwenda nyumbani. Jioni huja watu wazima. Wengi ni wafanyabiashara wanaopita Rusumo, Gatuna na Rubavu, na ndugu waliorejea nchini kila mmoja na lugha ya kule alikokulia: wa Uganda na Kiingereza, wa Burundi na Kongo na Kifaransa, na sisi wa Tanzania na Kiswahili.

Maneno wanayo. Wanajua "price", "goods", "payment" na "transport". Kinachowapiga chenga ni jambo ambalo vitabu vya sarufi hulipita harakaharaka, yaani tofauti kati ya kirai na kishazi.

Wapo wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya mtihani tu. La hasha! Ni mambo ya fedha.

Chukua mfano wa muuza mchele wa Kahama na mnunuzi wa Kigali walioandikiana hivi: "Payment of transport after arrival in Kigali." Maana yake ni malipo ya usafiri baada ya kufika Kigali. Mzigo unafika Nyabugogo, dereva anadai chake. Muuzaji anasema alipe mnunuzi. Mnunuzi anasema usafiri ni juu ya muuzaji. Wote wawili wanaonyesha karatasi ileile, na karatasi haimsaidii hata mmoja.

Kisa ni nini? Ni kwamba maneno yote saba ni virai vitupu. Kirai ni kundi la maneno linalokwenda pamoja lakini halina kiima na kitenzi chenye kuonyesha wakati. "Payment of transport" ni kirai, "after arrival" ni kirai, "in Kigali" nacho ni kirai. Jambo limetajwa, ila mwenye kulifanya hayumo.

Sasa tuiandike upya: "The buyer will pay for transport when the goods arrive in Kigali." Hapa tunavyo vishazi viwili. Cha kwanza kina kiima chake, "the buyer", na kitenzi chake, "will pay". Cha pili kina "the goods" na "arrive". Ubishi umekwisha: mnunuzi ndiye atakayelipa, na atalipa mzigo ukifika.

Msomaji asidanganywe na urefu. "He paid" ni maneno mawili tu, lakini ni kishazi kamili. Yale maneno saba ya hapo juu hayafikii hata kishazi kimoja.

Ugumu wetu una chanzo. Katika Kiswahili, mtenda hukaa ndani ya kitenzi. Ukisema "Amelipa", neno ni moja lakini kishazi kimetimia: "a" ni yeye, "me" ni wakati, "lipa" ni tendo. Kinyarwanda nacho ni hivyohivyo: "Yishyuye" inatosha. Kiingereza hakimfichi mtenda namna hiyo. Lazima asimame nje, mbele ya kitenzi: "He has paid." Ukiandika "Has paid" peke yake, msomaji atauliza, nani?

Kwa sababu hiyohiyo, wengine wetu humtaja mtenda mara mbili. Husema "My brother he has paid", kwa kuwa "Kaka yangu amelipa" ina kaka, na ile "a" tena. Kiingereza sanifu kinataka mmoja: ama "my brother", ama "he".

Upo mtego mwingine. "The driver waiting at Rusumo" inaonekana kama habari kamili, kumbe ni kutaja tu: dereva anayesubiri Rusumo. Amefanya nini huyo dereva? Hatujaambiwa. Ongeza "is", iwe "The driver is waiting at Rusumo", na habari imetimia. Kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiingereza cha Randolph Quirk na wenzake, kilichotoka mwaka 1985, huhesabu hata "waiting at Rusumo" kuwa kishazi, ila kisichoonyesha wakati. Vitabu vingi vya shule hukiita kirai. Vyovyote utakavyokiita, peke yake hakisimami kama sentensi.

Vishazi navyo si vya aina moja. Kuna kishazi huru, kinachojitosheleza, na kishazi tegemezi, kinachomwacha msikilizaji akingoja. Ukimwambia mtu "Akilipa" kisha ukanyamaza, atakutazama mdomoni. Kiswahili kimetia utegemezi huo ndani ya neno, kwa "ki". Kiingereza huutia kwa neno la pembeni: "If he pays". Ndiyo maana "Because the lorry is late", ikiwekewa nukta hapo, mwalimu huipiga mstari mwekundu. Kina kiima na kitenzi, lakini kinangoja mwenzake.

Habari njema ni kwamba Kiswahili kimekwisha kutufundisha nusu ya kanuni. Tunasema "kwa sababu ya mvua", lakini "kwa sababu mvua ilinyesha". Kiingereza ni vilevile: "because of the rain" kwa kirai, "because it rained" kwa kishazi. Ile "ya" yetu ndiyo "of" yao. Kadhalika "during" hufuatwa na kirai, na "while" hufuatwa na kishazi.

Na neno dogo lisidharauliwe. Katika mkataba wetu wa mchele, ondoa "when" uweke "if". Mnunuzi sasa analipa usafiri iwapo mzigo utafika. "When" ilichukulia kwamba utafika. "If" inaacha mlango wazi kwamba huenda usifike, na hapo hasara ya njiani inaweza kubaki kwa muuzaji.

Sisemi virai vitupwe. "50 bags of rice" ni kirai, na kwenye orodha ya mzigo kinatosha kabisa, kwa kuwa orodha kazi yake ni kutaja. Ahadi ndiyo isiyotoshelezwa na kirai, maana ahadi bila mtu wa kuitimiza ni maneno ya njiani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatia sahihi karatasi ya Kiingereza, iulize maswali matatu. Je, kuna kitenzi chenye kuonyesha wakati? Je, mtenda ametajwa mbele yake? Je, maneno yanasimama yenyewe, au yananiacha nikingoja? Likikosekana jibu la moja, omba iandikwe upya, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Lakini daftari lisilosema nani atalipa nalo halina habari.