Kuchagua kipima umbali cha leza kwa mapori ya Kilwa na Liwale

Kipima umbali cha leza ni chombo cha mkononi kinachorusha mwali usioonekana kwa macho, kikausubiri urudi baada ya kugonga kitu, kisha kikaonyesha ndani ya kioo chake umbali wa kitu hicho. Hesabu yake ni nyepesi. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo mwali unaokwenda mita 150 na kurudi hutumia sehemu moja ya milioni ya sekunde, na saa za kielektroniki za leo hupima muda huo bila taabu. Kazi ngumu ni kujua mwali umerudi kutoka wapi: ubavuni mwa mnyama, kwenye unyasi ulio mbele yake, au kwenye kichuguu kilicho nyuma yake. Katika mapori ya Mkoa wa Lindi swali hilo lina uzito kuliko tarakimu kubwa iliyochapwa kwenye boksi.

Uwindaji wa kitalii katika mkoa huu hufanyika zaidi kwenye vitalu vya Pori la Akiba la Selous upande wa Liwale na Kilwa, na kwenye mapori yanayolizunguka, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Tangu 2019 sehemu kubwa ya Selous ya zamani ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na humo hakuna uwindaji wa aina yoyote. Kwenye vitalu mwindaji hukutana na nyati, kongoni, palahala, nyumbu, kuro, pongo na ngiri. Karibu na bahari kuna vichaka vizito vya pwani. Ukienda bara unaingia miombo, na kando ya mito ya Matandu na Mbwemkuru kuna matete na miti mikubwa. Kote huko jicho halifiki mbali. Wanyama wengi hupigwa kwa bunduki chini ya mita 150, na nyati huendewa karibu zaidi ya hapo. Chombo cha kufika mita 2,000 kimetengenezwa kwa ajili ya milima ya Asia ya Kati na nyanda za magharibi mwa Marekani. Anayekinunua ili awinde nacho Liwale hulipia uwezo ambao hatautumia.

Mwenye bunduki ndiye mwenye nafasi ya kukosea. Kanuni za Tanzania zinataka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama nyati, na risasi ya kawaida ya .375 H&H yenye uzito wa gramu 19 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Bunduki ikiwa imelengwa kwa mita 100, kwenye mita 150 risasi huwa imeshuka sentimita 6 tu. Mtu akidhani mnyama yuko mita 120 kumbe yuko mita 135, tofauti ni sentimita 2 au 3, na hiyo humezwa na mtetemo wa mkono. Hali hugeuka kuanzia mita 200, ambako risasi hiyohiyo huwa imeshuka karibu sentimita 18. Kwenye mita 300 mshuko hupita nusu mita. Kwa hiyo mwenye bunduki katika miombo hukihitaji chombo hiki kwa kazi moja hasa: kumwambia lini asifyatue. Kwenye mbuga tambarare za mabonde, ambako hakuna mti wa kulinganishia, kongoni wa mita 260 huonekana kama wa mita 180, na tarakimu ya leza humsimamisha mwindaji kabla hajajeruhi mnyama na kumfuata kutwa nzima.

Mwenye upinde hana nafasi hiyo. Mshale mzito wa kuwindia mnyama mkubwa, ukitoka kwenye upinde wa kisasa wa kapi, huenda mita 70 hivi kwa sekunde, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya mwendo wa risasi. Ukilengwa kwa mita 30 na mnyama akawa mita 35, mshale hufika sentimita 17 chini ya pale ulipokusudiwa. Kwa palahala hiyo ndiyo tofauti kati ya moyo na mguu wa mbele. Mshale mwepesi wa mita 85 kwa sekunde hupunguza kosa hilo hadi sentimita 12, lakini hauzami vizuri kwa mnyama mwenye mifupa mizito. Kosa la mita 5 ni dogo mno kwa jicho la binadamu porini, hata la mtafuta nyayo aliyezaliwa Liwale. Hapo ndipo leza inapostahili bei yake. Uwindaji wa upinde kwa mgeni unahitaji kibali, na sheria haimpunguzii mwenye upinde wajibu wowote alionao mwenye bunduki.

Kuna jambo ambalo leza haiwezi kulitibu. Sauti ya kamba ya upinde humfikia mnyama wa mita 30 katika sehemu 9 za mia za sekunde, wakati mshale unahitaji sehemu 43. Katikati hapo inabaki karibu theluthi moja ya sekunde, na swala aliyeshtuka huitumia kuinama ili aruke. Umbali ukipimwa sawasawa kabisa, mshale bado unaweza kupita juu ya mgongo wake. Wauzaji wanaotangaza vipimo vya upinde vya mita 80 na 90 hawaligusi jambo hili.

Sifa ya kwanza ya kutazama dukani, basi, ni namna chombo kinavyochagua kati ya miali kadhaa inayorudi. Vyombo vya bei ya chini huonyesha umbali wa kitu kilichorudisha mwali wenye nguvu zaidi, na mara nyingi hicho huwa kitu cha karibu. Vilivyo bora vina mpangilio wa kuchagua: kitu cha kwanza au kitu cha mwisho. Msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 1 Julai, na mwezi huo nyasi za miombo bado ni ndefu. Mpangilio wa kitu cha kwanza utasoma nyasi za mita 18 wakati kuro amesimama mita 40. Mpangilio wa mwisho hupenya na kumsoma kuro mwenyewe, mradi kuna upenyo. Baada ya moto kupita, Septemba na Oktoba, ardhi huwa wazi na nyeusi, na hatari hugeuka upande wa pili: mpangilio wa mwisho huruka mgongo wa mnyama na kusoma shina la mninga lililo mita 15 nyuma yake. Chombo kisicho na njia ya kubadili mpangilio kinafaa nusu ya msimu. Kinachobadilishwa kwa kubonyeza vitufe vinne mfululizo nacho ni taabu, kwa sababu nyati hasubiri.

Upana wa mwali nao unahesabika. Mwali wa leza si uzi. Hutanuka kadiri unavyokwenda. Wenye mtanuko wa miliradiani 2 huwa na upana wa sentimita 20 kwenye mita 100 na sentimita 60 kwenye mita 300. Kwa vichaka vya pwani mwali mwembamba ni bora, maana hupita kwenye tundu la majani ambalo mwali mpana ungeligonga kando. Watengenezaji wengi hawaandiki kipimo hiki kwa herufi kubwa. Hutafutwa kwenye kijitabu cha maelezo, na kisipokuwepo hapo ni vyema kudhani mwali ni mpana. Jani moja lililo karibu linatosha kuharibu kipimo. Mabaharia wa Uingereza walilijua tatizo la namna hii katika delta ya Rufiji, kaskazini kidogo tu ya Kilwa. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha nyuma ya mikoko, na meli za Severn na Mersey, pamoja na vyombo vyao vyote vya kupimia umbali, hazikuweza kuiona. Mizinga yao ilisahihishwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia, na tarehe 11 Julai Königsberg ikaangamia. Kisichoonekana hakipimiki, kwa kioo cha 1915 wala kwa leza ya leo.

Tarakimu ya boksi, ile ya mita 1,000 au 1,500, hupatikana kwa kupima kibao kinachong'aa. Mtengenezaji mwaminifu huandika tarakimu tatu: kwa kibao, kwa mti, na kwa mnyama wa ukubwa wa kulungu. Ya tatu ndiyo ya kusoma, na kwa kawaida ni nusu ya ile ya kwanza au chini ya hapo. Ngozi ya nyati iliyopakwa tope hurudisha mwanga kidogo. Jua kali la mchana, vumbi, na moshi wa nyasi zinazoungua hupunguza zaidi. Hata hivyo chombo chenye mita 400 kwa mnyama kinatosha kabisa kwa bunduki katika mkoa huu. Kwa upinde, tarakimu ya maana ni ile ya chini: vyombo vingine haviwezi kusoma kitu kilicho chini ya mita 8 au 10, na mwenye upinde aliyejificha karibu na njia ya ngiri hupata nafasi ndani ya umbali huo.

Kipengele kinachotangazwa sana kwa wapiga upinde ni hesabu ya mteremko. Mshale na risasi hushushwa na mvutano wa ardhi kwa kiasi cha umbali wa mlalo, si wa mstari wa jicho, na chombo chenye kipimo cha pembe hukokotoa mlalo huo. Kwenye vilima vya Umatumbi kipengele hicho kina kazi: mteremko wa nyuzi 30 hufanya mita 40 za jicho ziwe mita 35 za kulengea. Juu ya ulingo ni hadithi nyingine. Aliyekaa mita 6 juu ya ardhi na kupima mnyama wa mita 20 atapata mlalo wa mita 19, tofauti ambayo haibadilishi chochote. Mwenye bunduki wa miombo anaweza kukiacha kipengele hiki na asipungukiwe.

Kioo kinastahili uangalifu zaidi kuliko kinavyopewa. Wanyama wengi hutoka alfajiri na jioni, na kwenye latitudo ya Lindi jua likishazama giza huja upesi. Vyombo vyenye tarakimu nyeusi hupotea machoni muda huo, kwa kuwa nyeusi juu ya nyati mweusi kichakani haisomeki. Tarakimu nyekundu zinazowaka zinasomeka, mradi ukali wake unaweza kupunguzwa. Zikiwaka mno huzima mandhari yote. Ukuzaji wa mara 6 unatosha. Wa mara 8 hutetemesha picha mkononi na kupunguza mwanga kwa lenzi ileile.

Vipo pia vipimaji vilivyomo ndani ya darubini ya macho mawili. Leica iliuza ya kwanza ya aina hiyo, Geovid, mwaka 1992. Hivyo humfaa mwindaji bingwa, ambaye darubini haimtoki shingoni na ambaye ndiye humtajia mgeni umbali kwa kunong'ona. Kwa mwenye upinde darubini ya namna hiyo ni nzito, na kuiinua mnyama akiwa mita 25 ni kujitangaza. Njia bora kwake ni kupima mapema: akifika mafichoni apime kisiki, kichuguu na mti ulio kando ya njia, akariri tarakimu hizo, kisha akiweke chombo mfukoni. Kufanya hivyo hakuhitaji chombo cha bei kubwa. Ahakikishe pia kimewekwa kwenye mita na si yadi, kwa kuwa vingi hutoka kiwandani vikiwa kwenye yadi, na yadi 40 ni mita 36 na nusu tu.

Hewa ya chumvi ya Kilwa Masoko na unyevu wa masika huua vyombo vya kioo taratibu: kuvu huota ndani ya lenzi na kutu hushika miguu ya betri. Chombo kiwe kimejazwa naitrojeni na kuzibwa kwa kiwango cha IPX7, kinachostahimili maji ya mita 1 kwa dakika 30. Betri ya CR2, inayotumiwa na vyombo vingi vidogo, si ya kutegemea kuikuta dukani Nangurukuru au Liwale mjini. Anayeitumia abebe za akiba, au achague chombo kinachochajiwa kwa waya wa simu na paneli ya sola ya kambini.

Kasoro ambayo haiandikwi popote ni mwali kutokwenda pale alama ya kulengea inapoonyesha. Pwani ina njia rahisi ya kuigundua. Mnunuzi achague mnazi mmoja uliosimama ufukweni na bahari nyuma yake, asogee mita 100, aweke chombo juu ya kitu kisichotikisika, kisha asogeze alama polepole kutoka kushoto kwenda kulia huku akibonyeza. Maji ya mbali hayarudishi mwali wa kutosha, kwa hiyo tarakimu hutokea pale tu mwali unapogusa shina. Ikitokea wakati alama bado iko nje ya shina, mwali umepinda. Arudie kwa kwenda juu na chini kwenye ukuta wa mawe unaopakana na anga. Kosa dogo linaweza kukaririwa na kuzoewa. Likizidi upana wa shina, chombo kirudishwe dukani siku hiyohiyo, kwa sababu mwali uliopinda haurekebishwi na mtumiaji.