Kabla ya Kutia Saini: Mgonjwa wa Saratani na Majaribio ya Dawa Mpya

Jaribio la dawa ya saratani ni utafiti ambao wagonjwa waliokubali kwa hiari hupewa dawa isiyothibitishwa bado, au dawa ya zamani kwa mpangilio mpya, kisha yanayowapata yakahesabiwa kwa makini: nani uvimbe wake umenywea, nani dawa imemdhuru, nani yu hai na kwa muda gani. Tiba ya kawaida humtazama mgonjwa mmoja na kuuliza kipi kitamfaa yeye. Jaribio huuliza kipi kitawafaa wagonjwa wa aina yake. Maswali hayo mara nyingi huenda bega kwa bega, lakini ni mawili, na mgonjwa wa Naivasha, Kenya, anayeambiwa kwamba Nairobi kuna utafiti unaotafuta watu wenye saratani kama yake anahitaji kuijua tofauti hiyo kwanza.

Kazi hii si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa eneo hili. Katika miaka ya 1960, yeye akiwa Kampala na daktari Peter Clifford akiwa Nairobi, waliwatibu watoto hao kwa dawa ambazo wakati huo zilikuwa changa, na katika baadhi yao uvimbe ukayeyuka usirudi tena. Mwaka 1967 ilifunguliwa taasisi ya saratani ya Uganda, ambako madaktari John Ziegler na baadaye Charles Olweny waliendeleza majaribio. Saiklofosfamaidi, mojawapo ya dawa za enzi hizo, ingali ikitundikwa katika wodi za kemo za Kenya. Anayeipokea leo ananufaika na watoto ambao wazazi wao walikubali ijaribiwe kabla hapajakuwa na mtu wa kuwaahidi chochote.

Mfano wa karibu zaidi unaonyesha jinsi jaribio linavyofanya kazi ndani kwa ndani. Kuanzia mwaka 2013, wagonjwa 334 wenye virusi vya Ukimwi na saratani ya Kaposi iliyokomaa waliingizwa katika utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Wote walipewa ARV. Juu ya hizo, kura ya kompyuta iliamua nani apate kemo ya paklitakseli, nani etoposaidi, nani mchanganyiko wa bleomaisini na vinkristini. Kura hiyo huwakwaza wengi: inakuwaje daktari aliyesoma aache bahati iamue? Sababu ni kwamba hakuna aliyekuwa na hakika ni ipi bora katika hospitali za nchi hizi. Kama madaktari wangechagua wenyewe, wagonjwa wenye nguvu wangeweza kurundikwa upande mmoja, na dawa ikasifiwa kwa afya ambayo haikuileta.

Pembeni mwa utafiti huo ilikaa kamati huru ya usalama, ambayo kazi yake ni kuchungulia matokeo kabla ya mwisho. Mwaka 2016 kundi la etoposaidi lilifungwa, kwa kuwa lilikuwa likifanya vibaya kuliko la paklitakseli. Mwaka 2018 likafuata la bleomaisini na vinkristini. Kufikia wiki ya 48, takriban wagonjwa 64 katika kila 100 waliopata paklitakseli walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa bleomaisini na vinkristini walikuwa 44. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mchanganyiko ulioshindwa ndio uliokuwa umezoeleka katika hospitali nyingi za Afrika, na kwa miaka mingi hapakuwa na hesabu ya kuonyesha kwamba wagonjwa walistahili zaidi.

Wanaosema hospitali na mitishamba ni maadui wangetazama asili ya dawa hizo. Paklitakseli ilipatikana katika gome la mti. Vinkristini hutoka katika ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, linalopandwa kama pambo katika nyua za pwani. Mmea, kama kitu kingine chochote, huwa dawa ya kuaminika pale unapopitia hesabu, na historia ya eneo hili ina mifano ya kuruka hatua hiyo. Mwaka 1990 dawa ya Kemron ilitangazwa Kenya kwa shangwe kuwa ni jawabu la Ukimwi. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya Uganda, hayakuona faida yake. Mwaka 2011 Wakenya waliungana na maelfu waliomiminika Loliondo kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Wengi walikunywa na kuondoka bila kupimwa kabla wala baada, hivyo simulizi za kupona zilienea pasipo kitu cha kuzipimia.

Majaribio huenda kwa awamu, na ni muhimu mgonjwa aulize amealikwa katika ipi. Awamu ya kwanza, yenye watu wachache, hutafuta kipimo cha dawa ambacho mwili unakistahimili. Anayeingia hapo hana msingi mkubwa wa kutarajia nafuu. Ya pili hutazama kama uvimbe unapungua. Ya tatu huwashirikisha mamia au maelfu na kulinganisha dawa mpya na tiba bora iliyopo. Takriban dawa 1 tu katika kila 20 za saratani zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu ndiyo hufika sokoni. Hofu ya kupewa maji ya sukari, yaani plasebo, ni kubwa kuliko jambo lenyewe: katika saratani, pale tiba yenye manufaa ipo, plasebo haitolewi peke yake, bali huongezwa juu ya tiba hiyo.

Kwa mkazi wa Karagita au Kihoto, mitaa ya Naivasha, mlango wa kwanza huwa mbali na maabara ya utafiti. Huwa ni kipande cha nyama ya uvimbe kilichokatwa na kusomwa na mtaalamu, kwa sababu bila majibu hayo kwenye karatasi hakuna jaribio litakalompokea. Naivasha iko katikati: Nakuru, yenye kituo cha saratani kinachotoa mionzi, iko kilomita 70 hivi upande mmoja, Nairobi, penye vitengo vya utafiti kama kile cha Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, iko kilomita 90 hivi upande wa pili, kwa kushukia Mai Mahiu au kupandia Kinungi. Mgonjwa aliyezunguka kliniki kwa miezi akitibiwa vidonda vya tumbo, ilhali ana saratani ya umio, hufika akiwa amekonda mno kukubaliwa. Saratani hiyo imeenea katika ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia hadi kusini mwa Afrika, na Bonde la Ufa limo ndani yake. Ndiyo sababu dawa zake zinahitaji kujaribiwa kwa watu wa hapa.

Vigezo vya kuingia ni vikali. Damu, figo na ini hupimwa. Watafiti huangalia kama mtu anaweza kutembea na kujihudumia, ametibiwa kwa nini na lini, na kama mwanamke ana mimba. Mitishamba lazima itajwe, hata ile aliyoletewa na shangazi kwa nia njema, kwa kuwa baadhi yake hubadilisha jinsi ini linavyoshughulikia dawa. Kukataliwa katika hatua hii si hukumu juu ya uhai wa mtu, ingawa wengi huipokea hivyo, na muuguzi anayeijua kazi yake huchukua muda kulieleza hilo.

Kisha huja fomu ya idhini. Inapaswa kuwa katika lugha anayoielewa mgonjwa, na katika mji wenye Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wamaasai wanaotegemea kazi za maua na ufugaji, Kiswahili huenda kisitoshe kila mara. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, kisha huweka kidole gumba. Nakala moja hubaki kwake. Anaruhusiwa kuipeleka nyumbani ijadiliwe na familia, na huo ndio ushauri bora, kwa sababu chumbani kwa daktari wengi huitikia kwa heshima tu. Maswali ya kuuliza ni ya kawaida kabisa: nisipojiunga nitatibiwa kwa nini? Madhara yaliyokwisha kuonekana ni yapi? Nikiugua usiku Naivasha, nimpigie nani, na hospitali ya karibu itajuaje nimepewa nini? Jaribio likiisha na dawa ikawa inanisaidia, nitaendelea kuipata?

Nyuma ya fomu hiyo kuna ulinzi wa kisheria ambao wagonjwa wachache huelezwa. Hakuna jaribio la dawa linaloruhusiwa Kenya bila kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo pia hudai bima kwa ajili ya washiriki. Namba ya simu ya kamati ya maadili huandikwa kwenye fomu, na mshiriki anaweza kuipiga bila kupitia kwa daktari wake. Anaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu na bila kupoteza haki ya kutibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa zake za afya. Damu na nyama yake zikitakiwa kusafirishwa nje ya nchi, ni lazima hilo litajwe wazi, na aweze kukubali jaribio akakataa sampuli zake kuwekwa kwa tafiti nyingine za baadaye.

Gharama zina pande mbili. Dawa ya jaribio na vipimo vyake hulipwa na watafiti, na nauli hurejeshwa. Tiba ya kawaida inayoambatana nayo inaweza kuangukia bima ya afya ya taifa, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, au mfuko wa mgonjwa. Mpaka kati ya viwili hivyo uulizwe mapema. Gharama ambayo mara nyingi hairejeshwi yote ni siku za kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, baada ya miezi 2 ya kazi, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Jaribio linalomtaka kliniki kila wiki humaliza siku hizo 14 kabla ya mwezi wa nne kwisha. Mkataba wa chama cha wafanyakazi unaweza kuongeza, na barua ya hospitali kwa mwajiri husaidia, lakini mchuma maua anayelea watoto peke yake ana kila sababu ya kulipima jambo hili sawasawa na madhara ya dawa. Watafiti wanaopanga ziara nyingi kwa ajili ya urahisi wao huwafungia nje wagonjwa wa namna hii, na hiyo ni kasoro ya utafiti wenyewe.

Dawa inapoisha, ushiriki hauishi. Kwa miezi, mara nyingine miaka, kliniki hupiga simu kuuliza hali ya mshiriki, na asipopatikana humpigia ndugu aliyeandikwa kwenye fomu. Kwa wafanyakazi wanaohama shamba moja la maua hadi jingine kandokando ya Ziwa Naivasha na kubadilisha laini za simu, namba za jamaa wawili wasiohamahama, pengine walioko nyumbani mashambani, ndizo humweka mgonjwa ndani ya hesabu. Mshiriki naye ana haki ya kuelezwa jaribio lilipata nini, hata kama dawa aliyopewa yeye ndiyo iliyoshindwa.