Unakula peke yako safarini? Lipa bila wasiwasi

Basi la Mombasa limesimama Mtito Andei. Kondakta amesema ni dakika 20 tu. Unaingia hotelini peke yako, unaagiza pilau na chai. Ungekuwa na wenzako, mmoja angelinda mizigo, mwingine angekagua bili, na simu yako ikizima mtu angekulipia. Leo yote ni juu yako. Kwa hivyo zingatia haya:

1. Angalia salio kabla ya kuagiza, si baada ya kushiba. Huna bando? Kwa M-Pesa piga *334#, haihitaji intaneti. Beba pia noti chache, maana chaji huisha na mtandao hupotea.

2. Uliza bei kwanza. Kwa mfano, ukiwa Kisumu, bei ya samaki mzima hutegemea ukubwa wake. Chagua, uliza, mkubaliane, ndipo akaangwe.

3. Lipa kwa till ya hoteli. Namba huwa imebandikwa kaunta au mezani. Mhudumu akisema "nitumie tu kwa simu yangu," ulizia kwa kaunta kwanza. Ukimtumia yeye, mwenye hoteli anaweza kusema hujalipa. Bakshishi ni sawa kumtumia, lakini bili ni ya till.

4. Soma jina la biashara kabla ya kuthibitisha. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zinaenda kwa duka usilolijua. Umeshakosea? Sambaza ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, usingoje ufike nyumbani.

5. Ficha PIN. Kaa mahali ambapo hakuna mtu nyuma yako. Usimpe mtu simu eti "akusaidie kulipa." Akitaka kuona ujumbe, muonyeshe ukiwa umeishika mwenyewe.

Na je, dereva anapiga honi, mhudumu naye anasema pesa hazijaingia? Usiharakishe kulipa mara ya pili. Angalia kama salio limepungua na kama ujumbe wa uthibitisho umefika. Ukiwa umefika, msomee namba ya muamala, aitafute kwenye simu ya till. Ndiyo maana hatufuti ujumbe kabla ya kuondoka: ukiwa peke yako, huo ndio shahidi wako.

Haya, karibu mezani. Safari njema!