Je, Wajua? Saa ya Bunia Imo Ndani ya Kompyuta

Kinshasa ikiwa saa sita mchana, Bunia ni saa saba, na ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda, ni saa nane. Kompyuta iliyopangwa kwa Kinshasa huchelewa saa nzima ikifika Bunia, Ituri. Kwenye orodha ya kanda za saa ya Linux jina la Bunia halimo, huchaguliwa Africa/Lubumbashi.

Chaguo hilo, kama lugha au kibodi ya AZERTY, huhifadhiwa kwenye mipangilio. Kwa Windows ghala lake ni rejista, nayo hupekuliwa kwa programu ya Regedit. Programu hiyo haina kitufe cha kutengua! Ukibadilisha thamani imebadilika papo hapo, huulizwi kama unahifadhi. Basi kabla ya kugusa tawi lolote, fungua menyu ya Fichier, bofya Exporter, uweke nakala kwenye flashi. Ukikosea, bofya nakala hiyo mara mbili na thamani za zamani zitarudi (mpya ulizoongeza hazifutiki, uzitoe mwenyewe).

Na kama shida ni saa tu, rejista ya nini? Dirisha la kawaida la tarehe na saa linatosha.