Kete Moja Mbele ya Nyumba

Watu wengi wanaotazama bao hudhani ya kwamba mchezo hushindwa pale kete nyingi zinapoliwa kwa mkupuo mmoja na watazamaji wakapiga kelele. Mafundi hawaoni hivyo. Kwao kelele ile ni kama tanzia, huja baada ya mtu kwisha kufa. Kosa lenyewe lilikwisha kutendeka zamani, pengine katika hatua ya pili au ya tatu, kimya kimya, na aliyelitenda alikuwa akizifurahia kete mbili alizojipatia.

Katika makala hii twataka kuupima mchezo mmoja hatua kwa hatua, ili vijana wetu waone jinsi jambo hili linavyokuwa. Si mchezo wa mashindano fulani. Tumeupanga kwa ajili ya kufundishia. Lakini kila hatua yake ni halali kwa kanuni za bao la Kiswahili, na mwenye bao nyumbani aweza kuurudia wote pamoja na watoto wake. Asiye na bao na achimbe mashimo mchangani, atafute na vijiwe.

Uwanda wa kati ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo haya. Kuanzia Mpwapwa na Kongwa hata Kondoa na Manyoni mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili. Uwele na mtama ukiisha kuvunwa, kiangazi ni kirefu, na kivuli cha mkwaju hugeuka kuwa baraza. Tena Dodoma ni mji wa watu wa njiani. Misafara ya karne ya 19 iendayo Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, kisha ikaja reli. Mwaka 1973 chama cha TANU kikakata shauri makao makuu ya nchi yahamie hapo, na tangu mwaka 2016 serikali ikahamia kwa kweli. Basi mtu wa Unguja aliyelelewa na bao la Kiswahili hukutana hapo na Msukuma anayejua isolo, nao huanza kwa kubishana juu ya kanuni. Michezo ya mashimo ya safu nne ina ndugu wengi: Malawi wana bawo, na Oman wana hawalisi. Na Mwalimu Nyerere, kama ajuavyo kila mtu, alilipenda sana bao.

Kabla ya kuendelea, kuna swali ambalo wazazi hawakosi kuuliza, nalo ni hukumu ya michezo ya namna hii. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani na bara yetu, wametenga baina ya mchezo unaotegemea bahati, kama ule wa dadu, na mchezo unaotegemea hesabu na fikira, kama sataranji. Wa kwanza wameuharamisha. Wa pili wengi wao wameuona kuwa ni makuruhu, usiofika haramu, madhali hakuna kamari ndani yake, wala haumpitishi mtu wakati wa sala, wala haufungui mlango wa matusi. Bao halina dadu. Hatari yake iko katika hayo mengine matatu, hasa la mwisho, kwani ulimi wa mchezaji bao ni mrefu kuliko mkono wake. Mwenye shaka na amwulize shehe wake. Sisi twarudi kwenye mashimo.

Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji ana safu mbili zake. Kete zote ni 64. Tuwaite wachezaji Kusini na Kaskazini, na tuyahesabu mashimo ya safu za mbele kuanzia mkono wa kushoto wa Kusini, 1 hata 8, kwa pande zote mbili. Hivyo shimo la 4 la huyu latazamana na shimo la 4 la yule. Mashimo ya mwisho, 1 na 8, ni vichwa. Yanayoyafuatia, 2 na 7, ni vimbi. Nyumba ya Kusini ni shimo la 5, na ya Kaskazini ni shimo la 4. Mwanzoni kila mmoja huweka kete 6 katika nyumba yake, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo upande wa kulia kwake. Basi Kusini ana 6, 2 na 2 katika mashimo ya 5, 6 na 7. Kaskazini ana 6, 2 na 2 katika mashimo ya 4, 3 na 2. Kete 22 zilizobaki kila mmoja huzishika mkononi, na kipindi hiki cha kuzitia moja moja ndicho kiitwacho namua. Zikiisha mkononi huja kipindi cha mtaji, ambacho leo hatutakigusa.

Katika namua mchezaji hutia kete moja katika shimo lake la mbele lenye kete. Ikiwa shimo linalotazamana nalo lina kete za mwenzake, amezila, naye huzigawa moja moja katika safu yake kuanzia kichwani. Akila katika kimbi au kichwa, hana budi kuanzia kichwa kilicho karibu. Akila katikati, huchagua kichwa akitakacho. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete na mbele yake pana kete za mwenzake, hula tena. Ikiangukia shimo lenye kete na mbele yake ni patupu, huzichota zote na kuendelea. Na hili ndilo la kushikwa sana: anayeweza kula hana hiari, lazima ale. Asiyeweza hutakata, yaani hutia kete, akalichota shimo lile na kuligawa kushoto au kulia bila ya kula.

Sasa tuanze. Kusini hawezi kula, kwani mbele ya mashimo yake pote ni patupu. Akiiacha nyumba yake ikae, ana njia nne tu: shimo la 6 au la 7, kushoto au kulia. Mtu mwoga angekwenda kulia, ajifiche kichwani na safu ya nyuma. Kusini wetu atia kete katika shimo la 7, azichota tatu, akaenda kushoto: 6 lapata 3, nyumba yapata 7, na kete ya mwisho yasimama peke yake katika shimo la 4, uso kwa uso na nyumba ya Kaskazini.

Kaskazini hana la kufikiri. Lazima ale, na shimo la kula ni moja tu. Atia kete katika nyumba yake, sasa ni 7, aichukua ile moja na kuiweka katika kichwa cha 1. Watazamaji watasema Kusini ametupa kete bure. Kusini atakata tena kwa shimo la 6: sasa lina 4, azigawa kushoto, nyumba yafika 8, na mashimo ya 4, 3 na 2 yapata moja moja. Ametandika kete tatu mbele ya mwenzake kama mtu atandikaye nafaka mbele ya kuku.

Hapa ndipo mchezo ulipo, wala si pengine. Kaskazini ana 1, 2, 2 na 7 katika mashimo ya 1, 2, 3 na 4, naye aweza kula kwa shimo la 2, la 3 au la 4. Kaskazini wetu achagua la 2. Ala kete moja. Kwa kuwa ni kimbi, aipeleka kichwa cha 1, ambacho sasa kina mbili. Mbele yake ni patupu, hivyo azichota na kuendelea: shimo la 2 lafika 4, la 3 lafika 3, na pale mbele pana kete ya Kusini. Aila nayo, aiweka kichwani, zamu yaisha. Kete mbili kwa hatua moja! Amebaki na 1, 4, 3 na 7, mwenzake ana kete 9 tu safu ya mbele, na yeyote anayehesabu kwa macho atasema Kaskazini anashinda.

Lakini ile kete ya shimo la 4 bado imesimama. Kusini atia ya pili juu yake na kuila nyumba nzima, kete 7. Nyumba ikishaliwa haki zake zimekwisha. Hurudi kuwa shimo kama mashimo mengine.

Sasa tumrudishe Kaskazini nyuma hatua moja, tumpe shimo la 4 badala ya la 2. Atia kete katika nyumba, yafika 8, aila ile kete inayomtisha, naye achagua kichwa cha 1. Kichwa chafika mbili, azichota: la 2 lafika 3, la 3 lafika 3, na mbele yake pana kete, aila. Kete mbili vile vile! Safari ni ile ile, tofauti ni mahali alipoanzia, na nyumba yake imesalimika. Kusini atajibu kwa kula kete 3 za kimbi cha 2, jambo linalouma kidogo tu. Yaani Kaskazini alikuwa na milango miwili yenye ujira ule ule, akautumia ule ulioiacha hatari mahali pake. Hakukosea hesabu ya alichokula, hakuhesabu alichokiacha.

Uchambuzi wa namna hii kwetu hufanywa kwa midomo, chini ya mti, na jua likizama hupotea. Wachezaji wa Go wa Japani, Korea na Uchina wamekuwa wakiandika michezo yao kwa karne nyingi. Mwezi Machi 2016 mjini Seoul, bingwa Lee Sedol alipocheza michezo mitano na kompyuta iitwayo AlphaGo, akafungwa minne na kushinda mmoja tu, wa nne, dunia nzima iliweza kuinyoshea kidole hatua ya 78 iliyompa ushindi ule, na mtoto wa leo aweza kuisoma. Mafundi wa bao wa Unguja walipata bahati ya mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, aliyewachunguza na kuchapisha kitabu juu ya ufundi wao mwaka 1995. Wazee wa Dodoma, Kondoa na Mpwapwa hatujui walicheza nini, na wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Wala kazi ya kuandika si kubwa. Kila hatua yataka namba ya shimo na upande, basi. Mchezo wetu wote ni mstari huu: 7 kushoto; 4, kichwa cha 1; 6 kushoto; 2; 4, kichwa cha 8. Kijana mwenye daftari aweza kumwandikia babu yake namua nzima bila ya kumkatiza.

Kwa wanaotaka kuendelea, hali ni hii. Kusini amezigawa zile kete 7 kuanzia kichwa cha 8, na sasa ana 1, 1, 3, 9, 1, 1 na 1 katika mashimo ya 2 hata 8. Kaskazini ana 1, 4 na 3 katika mashimo ya 1 hata 3, na kete 20 mkononi. Akila kwa shimo la 3 na kuanzia kichwa cha 1, kete zake zitakimbia mpaka kichwa cha 8, na moja yao itasimama katika shimo la 5, mbele ya nyumba ya Kusini yenye kete 9. Kusini ana mashimo sita yanayoweza kula. Ajaribu kwanza la 2, lenye kete tano mbele yake, naye ahesabu vizuri kete ya tano itaangukia wapi.