Ugonjwa wa mizizi unavyowapokonya wakulima wa mti wa Krismasi mashamba yao

MTI wa Krismasi unaopamba sebule kwa majuma matatu au manne huchukua zaidi ya miaka kumi kukua. Kwa mkulima wa milima ya Appalachia, kusini-mashariki mwa Marekani, hesabu hiyo ndiyo inayomnyima usingizi anapouona mti mmoja, pale chini bondeni, ukigeuka kutoka kijani kibichi hadi manjano, kisha rangi ya hudhurungi inayokaribia wekundu.

Mara nyingi dalili hiyo ni ya ugonjwa wa kuoza kwa mizizi. Hauna tiba. Na kinachomuuma mkulima zaidi si mti mmoja uliokauka, bali ni kwamba udongo uliouotesha umekwisha kuwa makao ya ugonjwa huo, na huenda asivune tena mti wa aina hiyo mahali hapo kwa miaka mingi.

Mti wenyewe ni mberoshi wa Fraser, wa jamii iliyo karibu na misonobari. Ulipewa jina la John Fraser, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland aliyezuru milima hiyo mwishoni mwa karne ya 18. Kiasili humea vileleni pekee, katika majimbo ya North Carolina, Tennessee na Virginia, kwa kawaida mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari. Huko kuna baridi na ukungu mwaka mzima, na maji ya mvua hayatuami.

Wanunuzi huupenda kwa sababu ya harufu yake, matawi yanayoweza kubeba mapambo mazito, na majani membamba kama sindano ambayo hayapukutiki upesi baada ya mti kukatwa. Sifa hizo zimeifanya North Carolina kuwa ya pili baada ya Oregon kwa uzalishaji wa miti ya Krismasi nchini Marekani, na karibu miti yote inayouzwa na jimbo hilo ni ya aina hii moja. Mti uliosimamishwa katika ikulu ya White House mnamo 2024 ulitoka huko, katika Kaunti ya Avery.

Lakini vileleni hakuna nafasi ya mashamba. Wakulima waliushusha mti huo hadi kwenye miteremko na mabonde, ambako joto ni zaidi na udongo una mfinyanzi unaoshika maji. Mti uliozoea kilele ukapelekwa kwa adui ambaye haukuwahi kujifunza kupambana naye.

Adui huyo huitwa Phytophthora cinnamomi. Sehemu ya kwanza ya jina ni Kigiriki, maana yake mharibifu wa mimea. Ya pili yatokana na mdalasini, kwa kuwa kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1922 kutoka kwa midalasini iliyokuwa ikifa katika kisiwa cha Sumatra. Ndugu yake wa karibu ndiye anayeunguza majani ya viazi nyakati za mvua, balaa ambalo wakulima wa Nyandarua na Meru hawahitaji kuelezwa. Ndiye pia aliyeteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kusababisha njaa iliyoua takriban watu milioni moja.

Kwa muda mrefu viumbe hawa wawili walihesabiwa kuwa kuvu, na hata leo wakulima wengi huuita ugonjwa huu wa kuvu. Kwa sura wanafanana nayo: wana nyuzi nyembamba zinazopenya mizizi, na huzaana kwa vijimbegu. Hata hivyo, kuta za seli zao zimejengwa hasa kwa selulosi, ilhali za kuvu halisi zimejengwa kwa kitini. Kwa nasaba, wako karibu zaidi na mwani wa kahawia unaosukumwa ufuoni na mawimbi kuliko na uyoga.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Dawa nyingi za kuvu hushambulia kitu ambacho kimelea hiki hakina. Mkulima anayenyunyizia dawa yoyote iliyoandikwa kuwa ya kuvu huenda anatwanga maji kinuni, tena kwa bei ghali.

Silaha kubwa ya kimelea hiki ni maji. Udongo unapolowa, hutoa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikiwa na mikia miwili, vinavyoogelea katika nafasi ndogo zilizojaa maji kati ya chembe za udongo. Vijimbegu hivyo huvutwa na kemikali zinazotoka kwenye ncha za mizizi michanga. Vikiifikia, hunata na kuota, na nyuzi zao huanza kula mzizi kutoka ndani. Vimizizi vinavyofyonza maji huoza kwanza, kisha mizizi mikubwa hugeuka myeusi. Mkulima akibandua gome karibu na ardhi, hukuta chini yake rangi kama ya mdalasini mahali panapopaswa kuwa peupe.

Mti wenyewe hufa kwa kiu ukiwa umesimama majini. Ndiyo maana ugonjwa huonekana wakati wa kiangazi, mizizi iliyobaki inaposhindwa kumudu jua, ingawa uambukizo ulianza miezi mingi kabla. Wakati mwingine tawi moja tu hukauka, lile lililo upande wa mzizi uliooza, na mmiliki hujifariji kwamba ni jambo dogo.

Kutoka hapo ugonjwa hufuata njia za maji: mitaro, vijito na sehemu za chini za mteremko. Husafiri pia kwa matope ya magurudumu ya trekta na ya nyayo za viatu. Njia inayodanganya kuliko zote ni miche. Mche unaweza kutoka kitaluni ukiwa na majani ya kupendeza huku mizizi yake imeshaambukizwa, na mkulima akalipa pesa zake kununua ugonjwa. Jawabu la hakika hupatikana tu kwa kupeleka mizizi na udongo kwenye maabara.

Maji yakikauka, kimelea hakifi. Hutengeneza vijimbegu vya ganda nene vinavyoweza kukaa udongoni kwa miaka kadhaa vikisubiri mvua na mzizi. Zipo dawa chache zinazokidhoofisha, lakini haziondoi kilichomo ndani ya mti wala kuutakasa udongo. Basi kinga hubaki kuwa kazi ya jembe: kukwepa ardhi inayotuamisha maji, kuchimba mitaro, kuosha vifaa kabla ya kuhamia shamba jingine na kununua miche iliyopimwa.

Tumaini kubwa limetoka Japani. Huko kuna mberoshi uitwao momi, unaovumilia joto na ambao kimelea hiki hushindwa kuuangusha kwa urahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina wamefanyia kazi mbinu ya kuunganisha kijiti cha Fraser na shina changa la momi, hivyo kwamba mteja anapata umbo na harufu aliyoizoea, nao udongo unakutana na mizizi ya mgeni. Tatizo ni gharama. Kila mche huunganishwa kwa mkono, kwa hiyo bei yake hupita mbali ile ya kawaida, na wengi huupanda tu katika vipande vilivyoambukizwa. Wengine hugeukia mberoshi wa Uturuki, unaostahimili zaidi ingawa hauna kinga kamili; lakini wateja huulizia Fraser kwa jina.

Ufundi huo si mgeni kwa Mkenya anayelima maparachichi. Kimelea hikihiki ndicho huozesha mizizi ya mparachichi kote duniani, na wakulima wa zao hilo nao hutafuta mashina yanayostahimili, kama vile Dusa kutoka Afrika Kusini, ili kubeba aina ya Hass inayopendwa sokoni. Anayepanda parachichi mahali pa majimaji anakaribisha jambo lilelile linalowakera watu wa Appalachia.

Mwishoni mwa Septemba 2024, kimbunga Helene kilimwaga mvua ya ajabu magharibi mwa North Carolina, kikabomoa barabara na kusomba udongo kutoka shamba hadi shamba. Miti mingi iliyokuwa juu ya miteremko ilinusurika na kufika sokoni Desemba hiyo. Swali lililobaki ni la mashamba ya mabondeni, ambako hakuna awezaye kutambua kwa macho matope yaliletwa na nini. Miche iliyopandwa huko baada ya mafuriko itakuwa tayari kukatwa mwanzoni mwa miaka ya 2030.