Uelekezi: Tendo Linalovuka na Uhusiano Unaopita

Neno la Kilatini transire, lenye maana ya kuvuka kwenda upande wa pili, ndilo lililozipa lugha za Ulaya istilahi moja inayotumiwa na wanasarufi na wanahisabati kwa maana mbili zisizooana kwa urahisi. Katika sarufi, kinachovuka ni tendo: kitenzi elekezi, kama vunja katika sentensi "Juma amevunja kikombe", hutoka kwa mtenda na kumfikia mtendwa, yaani yambwa, ilhali kitenzi sielekezi, kama lala, huishia kwa mtenda mwenyewe. Kiswahili kina utajiri wa pekee hapa, kwa kuwa viambishi vya mnyambuliko hubadili uelekezi bila kuhitaji neno jipya: lala huwa laza na kupata yambwa, vunja huwa vunjika na kuipoteza, na pika, ikiwa pikia, hubeba yambwa mbili, kama katika "Asha amempikia mgeni wali".

Katika mantiki na hisabati, kinachovuka ni uhusiano wenyewe: ikiwa 9 ni kubwa kuliko 5, na 5 ni kubwa kuliko 2, basi 9 ni kubwa kuliko 2. Si kila uhusiano una sifa hiyo, kwani baba wa baba si baba bali ni babu. La kushangaza zaidi ni lile alilolionyesha Mfaransa Condorcet mwaka 1785, kwamba wapiga kura, hata kama kila mmoja ana mpangilio wa wagombea usiojipinga, wanaweza kwa wingi wa kura kumpendelea mgombea wa kwanza kuliko wa pili, wa pili kuliko wa tatu, na wa tatu kuliko wa kwanza.